Kilimia Kwenye Boneti

Gereji yangu iko Magongo, nyuma ya kituo cha mafuta,
pale malori ya bandarini yanapopumua vumbi hadi usiku wa manane.
Ukinitafuta, uliza Chengo wa Subaru.
Hata kaburini nadhani wataandika hivyo.

Wenye gari hizi nawajua kwa mlio kabla sijawaona.
Vijana. Kiti kimelazwa nyuma, kofia imegeuzwa,
ekzosi imetobolewa makusudi
ili Changamwe nzima ijue wamerudi.
Huja na deni, na maneno matamu, na redieta kavu.
"Fundi, ilikuwa yaenda polepole tu."
Polepole! Na ringi zimelika kama soli za kuli.
Mtaani mama humwonya bintiye:
akija kuposa na gari ile, mwambieni nimelala.

Jumanne moja nikasikia dugudugu, dugudugu,
nikaandaa matusi yangu ya asubuhi.
Akashuka mwanamke wa miaka sabini na ushei,
buibui limepigwa pasi, miwani kwenye kamba:
Mwalimu Mwanasiti, aliyefundisha jiografia Tononoka
tangu wenye gereji hii hatujaota meno.
Legacy ya kijani, ya mwaka tisini na saba.
"Yachemka mlima wa Mazeras," akasema.
"Na gasketi usinidanganye. Nimeshasoma."

Nikamwambia, Mwalimu, hii si gari ya mtu kama wewe.
Yanywa oili kama ngamia. Spea zake zina kiburi.
Uza, chukua Korola, ulale usingizi.

Akaketi juu ya tairi kuukuu, akapangusa miwani, akanifundisha.

Kwamba waliounda gari hii kwanza waliunda ndege,
ndege za vita, na vita vikawashinda.
Wakakatazwa kuruka. Kiwanda kikakatwa mapande
kama ng'ombe wa matanga.
Wakabaki na vigurudumu vya mkiani mwa ndege,
wakavifunga kwenye pikipiki za kwendea sokoni.
Miaka ikapita, mapande matano yakarudiana,
na hiyo ndiyo nyota kubwa uionayo, na ndogo tano ubavuni.
"Na Subaru ni nini, Chengo?"
Nikasema, jina la Mjapani tajiri.
Akacheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani.
"Subaru ni Kilimia."

Kilimia!
Bibi yangu kule Kaloleni alikitazama kabla ya kushika jembe.
Kikizama kwa jua, akisema, huzuka kwa mvua,
nasi watoto tulihesabu sita, mwenye macho saba.
Miaka kumi na tisa nimefungua boneti
juu ya nyota za bibi yangu, nikazipaka grisi,
sikujua.

Nikaishusha injini. Injini hii hailali kama zingine:
pistoni mbili huku, mbili kule, zimejinyoosha chali,
zarushiana ngumi kutwa nzima,
na kila ngumi huituliza mwenzake.
Gasketi ilikuwa imeungua kweli. Mwalimu alisema kweli.
Siku tatu, na ya nne kwa sababu ya boliti moja
iliyokatika ndani, ambayo sitaki kuizungumzia.

Nilipokuwa napangusa mbele nikaona nyota ndogo moja imebanduka.
Nyuma ya kibanda ninayo maiti ya Impreza,
ya kijana aliyeitia mtaroni Mtwapa akatoka na mkwaruzo wa kisigino.
Nikang'oa nyota yake, nikaibandika kwa gundi,
nikaibana kwa kidole hadi adhana ya alasiri ikaisha.
Kwenye risiti sikuiandika.

Baada ya mwezi akarudi, oili tu.
Akainama mbele ya gari, akainua miwani.
"Hii umeibandika upande, Chengo."
Nikasema nitainyoosha.
"Iache."

Halafu, mkono ukiwa tayari kwenye gia:
"Jana daraja la Nyali wamenisimamisha tena."
Walitaka nini?
"Waliuliza kijana mwenye gari yuko wapi."
Ukawajibu?
"Niliwaambia ameketi hapa."
Dugudugu, dugudugu, akaingia barabarani
bila kuwasha indiketa.